Kutembea na kupanda vilima kutoka Mombasa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni kwa mkaazi wa Mombasa, au mgeni aliyefikia hapa, anayetaka kuitumia miguu yake: kuanzia anayetaka kunyoosha viungo jioni pale Mama Ngina, kando ya bahari, hadi anayetaka kulala Wundanyi, kule Taita, na kupambazukiwa juu ya kilele cha Vuria. Njia tumezipanga kwa uzito wake, lakini hatupimi kwa kilomita peke yake. Tunapima kwa marejeo: utarudi vipi, jua litakuwa wapi wakati huo, na miguu itakuwa imebaki na nguvu gani. Njia nyingi zinazowashinda watu huku kwetu ni fupi. Kwenda wanaenda vizuri. Kurudi ndiko kunakowashinda.

Mombasa si tambarare? Vilima tutavipata wapi?

Kisiwa ni tambarare, kweli. Lakini vuka feri, shika barabara ya Kwale, na ukishapita Kombani gari linaanza kupanda mpaka masikio yanajua. Hapo umeingia Shimba, kama kilomita 33 kutoka mjini. Ukitaka milima hasa, fuata barabara ya Nairobi mpaka Voi, kisha Mwatate, kisha zile kona za kupandia Wundanyi. Huko ni Taita, ambako kilele cha Vuria kinapita mita 2,200. Mtu anaweza kunywa chai ya asubuhi Majengo na chai ya jioni akanywa amevaa sweta.

Sijafanya mazoezi kwa miaka. Nianzie wapi?

Anzia Mama Ngina. Eneo lile lilitengenezwa upya mwaka 2019. Njia zake ni pana na zimesakafiwa, upepo wa bahari upo, na mibuyu inakupa kivuli. Nenda alasiri jua likishapoa, utembee kwenda na kurudi bila kukimbilia viazi karai. Hivyo vifanye viwe zawadi ya mwisho.

Ukizoea, hamia Mji wa Kale. Anza Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga 1593, shika Ndia Kuu, pita Msikiti wa Mandhry hadi Bandari ya Kale. Umbali ni mdogo, lakini kuna vipando, kuna mawe, na kuna mikokoteni ya kupishana nayo, kwa hiyo mwili unajifunza kusawazika. Pale Leven House kuna ngazi zinazoteremka hadi majini. Ziteremke na kuzipanda polepole mara kadhaa. Kwa mtu wa kisiwani anayejiandaa kwa Shimba, sijui mazoezi bora kuliko ngazi hizo, isipokuwa ngazi za nyumbani kwako kama unakaa ghorofani.

Mama yangu ana magoti mabovu na babu anatumia kiti cha magurudumu. Kuna mahali pao?

Papo. Mama Ngina ndipo pazuri zaidi kwa kiti cha magurudumu. Nenda siku ya kazi, kwa sababu Jumapili na sikukuu watu husongamana hata anayetembea kwa miguu hapati nafasi. Haller Park kule Bamburi pia ni tambarare na ina kivuli kingi. Kiti kinapita sehemu kubwa ya njia mkiwa na mtu wa kukisukuma penye changarawe. Fort Jesus ina ngazi na miinuko ndani, kwa hiyo babu ataona sehemu na sehemu ataikosa. Afadhali kumweleza mapema kuliko kumfikisha akakwama.

Jambo moja ambalo watu hawalifikirii ni feri ya Likoni. Maji yakiwa yamepwa, ile njia ya kushukia kwenye feri inakuwa mteremko mkali. Mwenye magoti mabovu au kiti cha magurudumu apangiwe kuvuka maji yakiwa yamejaa, au mzunguke na gari kwa barabara ya Dongo Kundu.

Wazee wanaotaka kwenda mbali zaidi wasinyimwe Taita. Wundanyi unaifikia kwa gari hadi mjini, na hata Vuria ina barabara inayokaribia kileleni kwa sababu ya minara ya mawasiliano. Mwenye magoti mabovu anaweza kupelekwa kwa gari madhubuti akaiona mandhari ileile anayoiona aliyepanda kwa miguu.

Watoto je?

Haller Park, bila kufikiri mara mbili. Wakioneshwa twiga waambieni na habari ya chini ya miguu yao: pale palikuwa machimbo ya mawe ya saruji, jangwa tupu la matumbawe, hadi René Haller alipoanza kupanda miti mwaka 1971. Mti ulioshika ulikuwa mvinje. Majani yake makavu yalikuwa hayaozi, yakawa yanarundikana tu, mpaka walipoletwa jongoo wakayala na kuyageuza udongo. Mtoto akiinama akamwona jongoo mwekundu-mweusi anayejikunja, mwambie kwamba msitu huu ni kazi yake pia. Hatamkanyaga tena.

Karibu na hapo kuna Nguuni, yenye mbuni, pofu na mikoma, nzuri mno wakati wa machweo. Piga simu kwanza uulize nafasi. Kwa maporomoko ya Sheldrick, kule Shimba, mtoto wa miaka saba au minane aliyezoea kucheza nje anamudu kushuka na kupanda. Wa miaka minne utambeba wakati wa kurudi, na huo ndio wakati usiotaka mzigo.

Kutembea ufukweni kunahesabika?

Kunahesabika sana. Mchanga unatia nguvu vifundo vya miguu kuliko lami. Lakini ufukwe una ratiba yake, nayo ni maji. Hupwa na kujaa mara mbili kwa siku, na kila siku majira husogea kama dakika 50. Siku za bamvua, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, tofauti kati ya maji kupwa na kujaa hupita mita 3. Kuna sehemu kati ya Nyali na Bamburi ambako maji yakijaa yanagonga kuta za hoteli na njia haipo tena.

Kwa hiyo toka kama saa mbili kabla ya maji kupwa kabisa. Utakwenda kwenye mchanga mgumu na utarudi kwenye mchanga mgumu. Anayetoka maji yameshapwa hurudi akikimbizana na mawimbi kwenye mchanga laini, na huo unachosha mara mbili. Kama hujui majira ya maji ya siku hiyo, muulize mvuvi yeyote pale ufukwe wa Pirates. Atakujibu bila kuangalia saa. Na usitembee miguu mitupu kwenye miamba: nungu wa baharini wamejaa kwenye vidimbwi, na miiba yao huvunjikia ndani ya nyama.

Maporomoko ya Sheldrick ni njia ngumu?

Hili ndilo swali tunaloulizwa kuliko yote. Jibu: ni njia ya wastani inayowadanganya watu.

Maporomoko yako ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Shimba Hills, iliyotangazwa mwaka 1968, na maji yake yanaanguka kama mita 21. Mnaanzia pahali panapoitwa Elephant Lookout, mnatembea kama kilomita 2 mkiongozwa na renja wa Shirika la Wanyamapori, KWS. Kilomita 2 mtu wa Mombasa anazitembea kutoka nyumbani hadi sokoni. Tofauti ni kwamba hizi zote ni za kushuka. Kwenda, kila mtu anapiga soga, wengine wanaimba, simu ziko juu zinapiga picha. Kijia kinapita kwenye nyasi kwanza, halafu kinaingia msituni, mizizi inakatiza njia na hewa inakuwa na harufu ya majani yaliyolowa. Mwisho unasikia maji kabla hujayaona. Watu wanaogelea, wanakula, wanajisahau.

Kisha wanarudi. Ni njia ileile, sasa yote ni kupanda, na kama mliingia kwa zamu ya asubuhi mnarudi jua likiwa utosini. Hapo ndipo maongezi hukatika. Wanaopata shida mara nyingi ni vijana wenye nguvu waliokimbia kushuka na kumaliza chupa ya maji kule chini.

Ushauri wetu: chukua muda uliotumia kushuka, uuzidishe mara moja na nusu, na huo ndio muda wa kurudi. Bakisha nusu ya maji yako. Kule chini usile ukashiba. Kula kidogo, karamu muifanye juu kabisa mkishafika kwenye gari. Mtu wa mwendo wa polepole awekwe mbele, si nyuma. Akiwa nyuma kila mara anafika wenzake wameshapumzika, wanainuka, na yeye hapati kupumua. Ukiwa na fimbo nzuri ichukue, hasa baada ya mvua, kwa kuwa udongo ukilowa unateleza.

Matembezi ya kuongozwa kwa kawaida huanza saa nne asubuhi na saa nane mchana. Ukiweza, chagua ya saa nne: ukichelewa kurudi bado una mchana mzima mbele yako.

Naweza kushuka Sheldrick bila renja?

La. Kuna ndovu na nyati, na hakuna uzio kati yao na wewe. Renja anajua walilala wapi. Pia ndiye atakayekuonyesha palahala, yule mnyama mwenye pembe zilizopinda kwa nyuma. Kenya nzima, palahala wa porini wako Shimba tu.

Sina gari. Nitafikaje Shimba?

Vuka Likoni kwa feri (anayevuka kwa miguu halipi), panda matatu ya Kwale. Hadi mjini Kwale hakuna shida. Tatizo ni kutoka langoni hadi Elephant Lookout, kwa sababu ndani ya hifadhi huruhusiwi kujitembelea mwenyewe. Mkiwa kumi au zaidi, kodisheni matatu nzima kutoka mjini, iwasubiri na kuwarudisha. Gharama ikigawanywa inakuwa ya kawaida. Thibitisha kwanza kwamba gari linaweza barabara ya udongo, hasa wakati wa mvua. Kiingilio hulipwa kupitia eCitizen, kwa hiyo lipa kabla hujaondoka nyumbani palipo na mtandao, na ubebe kitambulisho ili utozwe bei ya mwananchi.

Feri yenyewe: usipige picha pale kivukoni. Hairuhusiwi.

Kuna njia fupi yenye maana zaidi ya mazoezi tu?

Kaya Kinondo, upande wa Diani. Ni msitu mdogo, tambarare, saa moja hivi inatosha, na mtu yeyote anayetembea anaweza. Ni miongoni mwa kaya za Wamijikenda zilizoingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2008. Mnaongozwa na watu wa hapohapo, na mgeni hufungwa kaniki nyeusi kabla ya kuingia. Huchukui kitu, hata jani lililoanguka. Huvunji kijiti. Mkiingia na wapenzi wenu hakuna kukumbatiana. Tunaomba watu wasiende huko kama wanatafuta mahali pa kupigia picha tu; wazee wanaozika na kuomba mle wanastahili mgeni anayenyamaza na kusikiliza.

Nataka milima yenyewe. Taita nianze na ipi?

Kwanza jua Taita ina sehemu tatu: Dawida, ambako ndiko Wundanyi na Vuria, Sagalla, inayoegemea Voi, na Kasigau, iliyosimama peke yake nyikani. Kwa safari ya kwanza nenda Dawida na ulale Wundanyi, angalau usiku mmoja. Kwenda na kurudi siku moja kutoka Mombasa ni kukaa garini tu.

Siku ya kwanza usipande kitu kikubwa. Tembea vijia vya mashambani vinavyouzunguka mji, ukipita matuta ya mahindi na migomba na mifereji midogo ya maji. Vijia hivyo vinapita kwenye mashamba ya watu, kwa hiyo salamu kwanza, hodi kwanza. Mzee akikusimamisha kukuuliza unatoka wapi, simama umjibu sawasawa. Mara nyingi yeye ndiye atakayekupa njia nzuri kuliko ile uliyopanga.

Siku ya pili gawanyikeni kwa uwezo. Wenye nguvu za wastani waende msitu wa Ngangao, njia ya Werugha. Ni mabaki ya msitu wa kale, hekta 120 hivi, miti mirefu imevikwa kuvu na kuvumwani, na ukungu ukiingia unatembea umevikwa weupe. Mle wanaishi ndege wasiopatikana popote duniani isipokuwa Taita. Mmoja wao, kurumbiza wa Taita mwenye kichwa cheusi na mdomo wa rangi ya chungwa, yuko hatarini kutoweka. Hupenda kuchakura majani makavu chini, kwa hiyo mwenye kelele hatamwona.

Wenye nguvu zaidi waende Vuria, upande wa Mgange. Kupanda kwenyewe si kwa kutambaa kwenye mwamba. Ni kupanda mfululizo, na kinachohitajika ni pumzi na subira. Fika juu mapema kadiri uwezavyo. Alfajiri isiyo na mawingu, Kilimanjaro huonekana magharibi, theluji na yote. Saa tatu ikipita mawingu huja na huoni kitu.

Mbololo tunaipendekeza kwa aliyekwisha kutembea Ngangao akatamani zaidi. Msitu wake ni mkubwa kuliko Ngangao, njia zake ni ndefu, na yale maua ya zambarau ambayo watu duniani huyapanda vyunguni madirishani yana ndugu yao anayeota porini hapo Mbololo tu. Usichume. Na Sagalla, kwa anayependa vitu adimu: chini ya udongo wake anaishi mnyama asiye na miguu, wa jamii ya vyura ingawa ana umbo la nyungunyungu, ambaye hajawahi kupatikana kwingine. Wanasayansi walimpa jina mwaka 2005.

Nifikeje Wundanyi?

Kwa basi au matatu ya barabara ya Nairobi hadi Voi, kisha matatu ya Wundanyi. Au kwa treni ya asubuhi kutoka Miritini, ile inayosimama vituoni njiani. Angalia tiketi yako uhakikishe kwamba treni unayopanda inasimama Voi. Kutoka Mwatate barabara inapinda sana. Anayetapika garini akae mbele.

Na Kasigau?

Kasigau ni ya wenye miguu iliyozoea. Mlima unafika kama mita 1,640 na tambarare inayouzunguka iko mita 600 hivi, maana yake unapanda karibu mita 1,000 kwa siku moja na kuzishuka siku hiyohiyo. Chini ni joto la nyika na miiba. Katikati msitu unaanza. Juu ni ukungu, miti inadondosha maji hata pasiponyesha. Magoti huumia zaidi wakati wa kushuka, na watu huanguka wakati huo kwa sababu wameshachoka na wanaona nyumba kule chini wanadhani wamefika.

Unaingilia Maungu, na mlima umezungukwa na vijiji vitano: Rukanga, Jora, Makwasinyi, Bungule na Kiteghe. Kuna mahali pa kulala panapoendeshwa na wanakijiji. Lala hapo, toka kabla ya saa kumi na mbili asubuhi na mwongozaji wa kijijini. Baina ya vijiji usitembee gizani, ndovu wanapita.

Nimezaliwa usawa wa bahari. Kifua hakitabana?

Ugonjwa wa mwinuko kwa kawaida huanza kuonekana ukipita mita 2,500. Shimba haifiki hata mita 500, na Vuria iko chini ya kiwango hicho. Utahema, ndiyo, lakini utahema kwa sababu unapanda. Mwenye pumu abebe dawa yake mfukoni, si kwenye begi lililobaki garini, kwa kuwa baridi ya Taita inaweza kuiamsha. Mwenye presha au kisukari amwone daktari wake kwanza.

Nivae nini? Mimi navaa buibui.

Buibui na dera ni sawa kwa Mama Ngina, Mji wa Kale na Haller Park. Kwa Shimba na Taita hazifai: upindo unanasa kwenye miti na huoni unapokanyaga wakati wa kushuka. Wanaotembea na sisi huvaa suruali pana, kanzu fupi inayofika magotini yenye mpasuo pembeni, na mtandio wa pamba uliofungwa ukakaza. Sitara inabaki na miguu inakuwa huru. Epuka mtandio wa kitambaa kinachoteleza. Utashinda ukiufunga upya.

Viatu: raba yoyote yenye meno chini inatosha kwa Shimba na Ngangao, mradi si mpya. Kiatu kipya kivaliwe nyumbani kwanza. Kandambili hapana. Kwa Taita ongeza sweta na koti la mvua, hata kama Mombasa mmeacha joto la kuungua.

Chakula na maji?

Kwa joto letu, hesabu nusu lita kwa kila saa ya kutembea, na zaidi jua likiwa kali. Kunywa kidogokidogo kabla ya kiu. Chupa iwe ya chuma au ya kudumu: tangu tarehe 5 Juni 2020 chupa za plastiki za kutumia mara moja na kutupa haziruhusiwi kwenye hifadhi, misitu na fukwe zilizolindwa. Zitazuiwa langoni.

Asubuhi mahamri na mbaazi ni chakula cha kutosha, ila kula saa moja kabla ya kutoka. Njiani beba tende, ndizi, korosho, kashata. Samosa na bajia ziache. Mafuta na jua havipatani, na tumbo ndilo litakalokuambia ukiwa nusu ya mpando.

Ramadhani naweza kutembea?

Mama Ngina na ufukweni saa moja kabla ya magharibi, ndiyo, ili ukichoka futari iko karibu. Shimba na Taita ngoja Shawwal. Kufunga na kupanda juani bila maji hatukuongozi.

Msimu gani ni mzuri?

Masika, kuanzia Aprili hadi Juni, vijia vya Shimba vinateleza na barabara za ndani zinaharibika. Julai hadi Septemba ndiyo miezi yetu: kusi inavuma, Mombasa imepoa, maporomoko bado yana maji. Taita miezi hiyo ni baridi na ukungu, nzuri kwa msitu, mbaya kwa anayetafuta kuona mbali. Januari na Februari mbingu za Taita husafika, Kilimanjaro inaonekana mara nyingi, lakini Shimba joto lake la mchana ni kali. Mwache asiyezoea nyumbani au mtoke zamu ya saa nne na mrudi polepole.

Nyoka, kupe, siafu?

Nyoka wapo na karibu wote watakukimbia. Tazama unapokanyaga, usiingize mkono kwenye shimo wala kukalia gogo bila kuliangalia. Kupe jikague jioni, nyuma ya magoti na kiunoni. Siafu ukiwaona wanakatiza njia, ruka, usisimame kuwashangaa.

Kero kubwa ni upupu. Ni mmea unaotambaa vichakani, wenye maganda ya kahawia yenye manyoya laini kama mahameli, na manyoya hayo yakikugusa utawashwa hadi utataka kulia. Ukipatwa, usijikune wala kujifuta kwa kiganja, kwa sababu unausambaza. Toka kichakani, nasa manyoya kwa kubandika utepe wa plasta na kuubandua mara kadhaa, kisha osha kwa maji mengi na sabuni. Nguo zilizoguswa zifuliwe peke yake. Mikono mirefu na suruali ndiyo kinga.

Mwongozaji ni lazima hata Taita?

Kwa Vuria kwa barabara, mnaweza kwenda bila mwongozaji. Kwa Ngangao, Mbololo na Kasigau, chukua mtu wa hapo. Ukungu unaficha njia ndani ya dakika chache, na simu haishiki kila mahali. Kuna sababu nyingine pia. Wataita wa zamani waliweka mafuvu ya wazee wao kwenye mapango, na kuna misitu mitakatifu, iitwayo fighi, inayolindwa hadi leo. Mwongozaji anajua pa kupita na pa kukaa mbali. Ukiona pango lenye mafuvu usiguse, usipige picha bila ruhusa. Bei mkubaliane kabla ya kuanza, na umlipe yeye mwenyewe mkononi au kwa M-Pesa.

Nikiwa mwanamke peke yangu ni salama?

Mjini, mchana na jioni penye watu, ndiyo. Simu ifiche, wanyakuzi wapo. Ufukweni alfajiri kabla watu hawajatoka, tafuta mwenzio. Vilimani usiende peke yako, wala mwanamume asiende peke yake: ukiteguka mguu anahitajika mtu wa kwenda kuita msaada.

Wenzangu husema watu wa Pwani si watu wa milima. Kweli?

Historia inasema vingine. Misafara ya biashara ilitoka hapa kwenda bara kwa miguu kabla ya reli. Johannes Rebmann, mmisionari wa Rabai, alifika Kasigau mwaka 1847, na tarehe 11 Mei 1848 akaiona Kilimanjaro na theluji yake. Jina lake ndilo lililoandikwa vitabuni. Lakini aliyeongoza msafara ule wa 1848 alikuwa Bwana Kheri, Mswahili aliyezijua njia za Taita na Uchagani kabla ya Rebmann kuzisikia. Njia ya Mombasa kwenda mlimani ni yetu ya asili.

Nikishamaliza Taita, nipande Kilimanjaro?

Vuria haikupimi kwa mwinuko, inakupima kwa pumzi tu. Kilimanjaro ni mita 5,895. Pita kwanza Mlima Kenya hadi Lenana, mita 4,985, ujue mwili wako unafanyaje hewa ikiwa nyembamba. Ukifika huko, tayari ni safari ya kampuni zenye leseni.

Mtu akizidiwa njiani tufanyeje?

Dalili za joto kupita kiasi ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, ngozi kulowa jasho la baridi. Mketishe kivulini, mlegeze nguo, mlowanishe shingo na kwapa kwa maji, mpe maji kidogokidogo yenye chumvi na sukari. Akianza kuchanganyikiwa au kupoteza fahamu, hiyo ni dharura. Mpozeni palepale kwa maji mnayobakia nayo huku mkiita msaada, na asinyweshwe kitu.

Aliyeumwa na nyoka asitembee, asichanjwe, asifungwe kamba. Vua pete na bangili, mguu au mkono utulie kama uliovunjika, abebwe hadi hospitali. Kwa Shimba ni hospitali ya Kwale. Wundanyi kuna hospitali ya Wesu. Kasigau na Sagalla mpelekeni Voi.

Namba za kupiga ni 999 au 112, na Msalaba Mwekundu ni 1199. Ziandike kwenye karatasi pia, pamoja na namba ya mtu aliyebaki nyumbani mliyemwambia mnakwenda njia gani na mtarudi saa ngapi.